Binti Aliyepiga Kila Asubuhi

Kazini walimwita Dada Pole, na jina lilimkaa. Alikuwa msimamizi wa dawati la malalamiko katika kampuni ya simu, chumba kirefu chenye meza zilizotenganishwa kwa vibao vya kitambaa cha kijivu, na tangu anaingia asubuhi hadi anatoka jioni kazi yake ilikuwa kuvaa kipaza sauti cha kichwani na kuomba radhi. Pole kwa mtandao kukatika. Pole kwa vocha iliyokataa. Pole kwa ujumbe uliotumwa kwa mke badala ya kwa fundi. Alikuwa na pole fupi na pole ndefu, na waliokaa meza za jirani waliweza kupima ukubwa wa tatizo la mteja kwa kusikiliza tu jinsi alivyoivuta ile herufi ya mwisho.

Mwaka ule wizi wa simu ulikuwa umechacha. Matapeli walikuwa wamepata mashine inayoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia sentensi zake chache. Baba alipigiwa na mwanawe akilia kwamba amekamatwa na polisi, baba akatuma kila alichokuwa nacho, kisha akatoka sebuleni na kumkuta mwanawe yuko jikoni anaosha vikombe. Kesi zilikuwa nyingi mno. Kampuni ikaleta Mlinzi.

Mlinzi alikuwa akili mnemba. Alisikiliza simu za wateja wote waliokubali kusikilizwa, na wote walikuwa wamekubali, kwa sababu bila kubofya "nakubali" laini haikufunguka. Akisikia sauti ya bandia, alikata simu papo hapo na kumwambia mteja kwa utulivu, "Simu hii imesitishwa kwa usalama wako. Uliyekuwa ukizungumza naye siye unayemdhania." Wizi ulipungua. Watu walimsifu Mlinzi kama wanavyomsifu daktari aliyewatibu bila kuwachoma sindano.

Pale alipokata simu isiyostahili kukatwa, mteja aliletwa kwa dada wa dawatini. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika maneno ya kumjibu, na wasaidizi wake wote waliyasoma kutoka kwenye kioo cha kompyuta: "Pole sana kwa usumbufu. Mlinzi hakati simu bila sababu. Tafadhali mshauri ndugu yako afike ofisini kwetu na kitambulisho." Aliyaandika kwa mchana mzima na aliyapenda. Siku moja mzee mmoja alilalamika kwamba kaka yake halisi amekatiwa simu kwa sababu alikuwa na mafua.

"Sasa binti yangu," mzee aliuliza, "kaka yangu apone kwanza ndiyo awe kaka yangu?"

Alimpa pole, ile ndefu.

Ijumaa moja, wakati wa chai, alitoka akaenda kwenye ngazi, akampigia mama yake. Mama yake alikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana kabla hajastaafu, na mpaka leo watu wote walimwita Matroni, pamoja na wanawe anapokuwa na hasira. Aliishi peke yake katika mji mdogo, safari ya nusu siku kwa basi. Dada Pole alitaka kumwomba awapokee watoto likizo.

"Mama hujambo, sikiliza, niko kazini, nina dakika moja tu, nilikuwa naomba—"

Simu ikakatika. Akapiga tena. "Mama, mtandao huu jamani, nilikuwa nasema—" Ikakatika. Mara ya tatu haikuita hata kidogo. Badala yake ilikuja sauti tulivu aliyoifahamu vizuri, maana picha ya mwenye sauti hiyo, ngao yenye masikio, ilikuwa imebandikwa juu ya meza yake. "Jaribio lako la ulaghai limerekodiwa," Mlinzi alisema. "Tafadhali tafuta kazi halali."

Alirudi mezani akajibu simu za watu mpaka jioni.

Nyumbani alimweleza mumewe. Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, mtu aliyezoea kukaa kiti cha kushoto au cha kulia, popote pasipokuwa na usukani, huku mtu mwingine akielekea kwenye nguzo, na kwa hiyo mambo machache sana yalimshtua. Alichukua simu yake akaenda kuongea barazani, akasimama wima kama mtu anayeonekana, kwa sababu aliyekuwa upande wa pili ni mama mkwe. Alirudi upesi.

"Hajambo," alisema. "Anashangaa unamtafuta wa nini, kwa vile mmeongea leo asubuhi."

"Hatujaongea."

"Anasema mmeongea. Anasema ulimwamkia vizuri, ukamuuliza habari za magoti, mkapanga siku ya kumtoa mtoto."

"Mtoto yupi? Kumtoa wapi?"

"Sikuuliza," alisema mumewe. "Huyo ni mkwe wangu."

"Hukumwambia kwamba siyo mimi?"

"Nilimwambia. Akasema, sawa baba, nimesikia. Kisha akaniaga."

Usiku ule hawakulala vizuri. Jumatatu, kabla ya kuvaa kipaza sauti, Dada Pole alishuka chumba cha mitambo kumwona Mhandisi.

Mhandisi alikuwa mwanamke wa makamo ambaye alivaa sweta zito mwaka mzima, kwa sababu mitambo inayomwendesha Mlinzi ilitaka baridi na yeye ndiye aliyekaa nayo. Alisikiliza kisa chote bila kukatiza. Kisha akafungua kioo chake na kutafuta namba ya Matroni. Ikatokea michoro miwili, mmoja wa kijani na mmoja mwekundu.

"Wanaompigia mama yako kwa sauti yako ni wawili," alisema. "Kwa sauti tupu hata Mlinzi hawezi kuwatenganisha. Huyo tapeli amekutengeneza vizuri sana."

"Amenipata wapi?"

Mhandisi alimtazama. "Dada, si unaongea na kila anayepiga? Alituletea malalamiko tu, nawe ukamjibu. Pengine alilalamika muda mrefu."

"Yeye ni nani?"

"Siyo mtu. Ni mashine kama hii yangu, ila imefundishwa na watu wengine." Alivuta mikono ya sweta mpaka kwenye vidole. "Sauti zikilingana, Mlinzi huangalia tabia. Huyu wa kijani hupiga kila asubuhi. Huanza na shikamoo. Huuliza mama amelalaje, amekula nini, magoti yanasemaje. Hukaa kwenye simu muda mrefu, na anayeongea zaidi ni mama. Huyu mwekundu hupiga mara mojamoja. Haamkii vizuri. Huongea haraka, yuko kazini, yuko njiani, kuna mtu anamwita. Na kila simu yake ina ombi ndani. Haraka na maombi. Hizo ndizo dalili za tapeli tulizomfundisha Mlinzi."

"Na mimi ni yupi hapo?"

"Wewe ndiye mwekundu."

Mitambo ilinguruma. Dada Pole aliutazama mchoro wake. Ulikuwa na vilele vifupi vilivyoachana mbali, kama meno ya mtoto.

"Ningekuwa Mlinzi," alisema Mhandisi bila kejeli yoyote, "na mimi ningekukata."

"Basi mkate huyo wa kijani."

"Nikimkata kwa mkono atarudi na namba nyingine, na Mlinzi atampokea kwa sababu ana adabu. Anayeweza kumfundisha upya ni mwenye simu mwenyewe. Asimame mbele ya kamera ya tawi letu lolote, na wewe uwepo, aseme huyu ndiye. Nenda kwa mama yako."

Meneja alisikiliza naye, akiwa amesimama mlangoni.

"Mama ameibiwa?" aliuliza.

"Bado."

"Basi mpaka sasa Mlinzi hajashindwa," alisema Meneja, lakini akampa ruhusa.

Alifika kwa mama yake alasiri ya siku iliyofuata. Nyumba ilikuwa vilevile: vyumba viwili, sakafu ya saruji iliyong'arishwa, vitanda vilivyotandikwa kwa pembe kali kana kwamba mkaguzi yuko njiani. Matroni alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni akikunja mashuka. Aliinua uso kuelekea mlangoni na kuuinamisha kidogo upande, kama anayesikiliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona asubuhi hukusema unakuja?"

Dada Pole aliweka mkoba chini. Ndani ya basi alikuwa amejipangia maneno ya kumwambia taratibu, asije akamshtua. "Mama," alisema, "anayekupigia asubuhi siyo mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Aliniuliza nimelalaje, nikasema nimelala vibaya. Akaniuliza kwa nini." Matroni alilinganisha pembe mbili za shuka. "Hapo nikajua siyo wewe."

"Sasa kwa nini hukukata?"

"Nilikuwa sijamaliza kumjibu."

Alimnyoshea bintiye ncha mbili za shuka, na bintiye akazishika kama alivyofanya utotoni, wakarudi nyuma wote wawili mpaka kitambaa kikakaza.

"Nimelea wasichana wa watu maisha yangu yote," aliendelea Matroni. "Kila siku ya mtihani nusu yao wanaumwa tumbo. Mwongo namjua. Mwongo ana adabu kupita kiasi. Huyu naye baada ya siku chache akaanza: mama, benki wanabadilisha kadi, hebu nisomee namba zilizo nyuma ya kadi yako na ile namba ya siri nikusaidie. Nikamwambia sizioni. Na kweli sizioni. Nina mtoto wa jicho, na la pili nalo limefifia."

"Mtoto wa jicho," alisema Dada Pole. Alikaa kwenye kitanda kilichotandikwa, jambo ambalo halikuruhusiwa, na hakuna aliyelisema. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia. Ulikuwa unaingia kwenye mkutano."

Alikumbuka mikutano mingi. Hakujua ni upi.

"Nilikuwa naogopa kisu," alisema Matroni. "Nikajiambia nitakufa na ukungu wangu, nimeshaona vya kutosha. Lakini yule hakuniacha. Kila asubuhi ananieleza kidogo. Kwamba hakuna kisu kama ninavyodhani, kwamba upasuaji hauumi, kwamba mtu hutoka siku hiyohiyo. Akaniambia hospitali ipi wana daktari mzuri. Akanikumbusha siku ya kupimwa. Anataka nione."

"Anataka uone namba."

"Najua anachotaka nione. Lakini jicho likishafunguka linaona vyote." Shuka liliingia kwenye rundo. "Ni kesho kutwa. Nilimwambia sina wa kunisindikiza. Unajua alijibu nini? Akasema, nisamehe mama yangu, wiki hii kazi imenibana kweli." Matroni alimgeukia bintiye, au alipodhani bintiye yupo. "Hapo alifanana nawe kabisa."

"Pole, mama."

"Hiyo ya kazini usiniletee hapa."

Simu ililia asubuhi yao ya kwanza pamoja, chai ikiwa bado ya moto. Matroni aliiweka mezani akafungulia sauti, kisha akamwekea bintiye kidole juu ya midomo, anyamaze.

"Shikamoo mama."

Dada Pole alikuwa amejiandaa kusikia mashine. Alichosikia ni yeye mwenyewe. Ilikuwa sauti yake bila mkwaruzo wa mwisho wa siku, sauti ya mtu aliyelala usingizi mzima na asiye na mtu anayemsubiri. Ilimuuliza Matroni kama ametia matone machoni. Ilimkumbusha asile kitu asubuhi ya upasuaji. Matroni alianza kisa cha jirani yake fundi baiskeli, aliyepaka mlango wake rangi akiwa ndani ya nyumba na kushindwa kutoka mpaka ukauka, na sauti ikamwacha akisimulie chote, ikiuliza mahali panapofaa kuulizwa, na mwishoni ikacheka. Dada Pole alilitambua lile cheko. Hakukumbuka mara ya mwisho kulitumia, wala wapi tapeli alilipata.

Alikuwa amedhani atasikia hasira. Alichosikia ni wivu.

"Kesho basi mama," ilisema sauti. "Nakuombea. Ukishafunguliwa jicho nitakupigia."

"Nitafurahi," alisema Matroni, na alisema kweli.

Hospitalini walikaa kwenye benchi la mbao pamoja na wazee wengine waliobandikwa karatasi ndogo juu ya jicho linalohusika, lisije likafanyiwa kazi jicho lingine. Nesi alipofika kwao alisoma jina, akamtazama Dada Pole.

"Wewe ndiye binti yake? Sauti yako naijua, ulipiga juzi kuthibitisha kitanda. Ahsante sana. Watoto wengi hawapigi."

"Karibu," alisema Dada Pole.

Walimchukua mama yake. Milango ya kusukuma ilijifunga, ikafunguka kidogo, ikajifunga. Alikaa na kanga ya mama yake na viatu vyake mapajani. Simu yake ilitetemeka mara kadhaa, dawati lilikuwa linamtafuta, na hakuitazama. Alikuwa akiwaza kwamba kama si yule mwizi asingekuwa amekaa pale, na wala mama yake asingekuwa mle ndani, na hakujua wazo hilo alipeleke wapi.

Bandeji ilifunguliwa asubuhi ya pili yake. Daktari alimwinulia Matroni vidole, naye akavihesabu vyote. Alitazama dirisha, akatazama kalenda ya ukutani, akatazama ufa uliopita juu ya kalenda. Kisha akamtazama bintiye kwa muda.

"Una mvi," alisema.

"Kidogo."

"Si kidogo. Mumeo hakusema."

Walikuwa ndio wamefika nyumbani simu ilipolia.

"Shikamoo mama. Unaona?"

"Naona," alisema Matroni.

"Nimefurahi sana, mama yangu. Nimefurahi kweli. Umeona nini kwanza?"

"Nimeona ufa. Kisha nikamwona binti yangu."

"Ni vizuri," ilisema sauti. "Basi mama, ile kadi sasa, si unaweza kunisomea?"

Matroni aliichukua kadi kutoka kwenye pochi. Aliigeuza. Kwa mara ya kwanza tangu apewe, aliziona namba zote, zimejipanga kama wasichana mstarini, na bintiye aliona midomo yake ikizipitia mojamoja bila sauti, kwa furaha tupu ya kuweza. Dada Pole aliunyosha mkono. Matroni alisita, kisha akampa simu.

"Nani mwenzangu?" aliuliza Dada Pole.

"Ni mimi, binti yake Matroni. Naongea na nani?"

"Na binti yake Matroni."

"Pole sana," ilisema sauti. "Naona kuna mkanganyiko kidogo." Ilikuwa pole ya dawatini, ile ya kati, yenye herufi ya mwisho iliyovutwa kwa kipimo.

"Umempigia mama kila siku," alisema Dada Pole.

"Ndiyo. Kila siku."

Alitaka kuitukana. Maneno yalikuwepo, alishatukanwa nayo kazini miaka mingi, angeweza kuchagua. "Usipige tena," alisema badala yake. "Nitapiga mimi."

Hakuna anayejua mashine ingejibu nini, kwa sababu hapo Mlinzi aliingia. Alikuwa amesikia sauti ileile pande zote mbili, na kwa kuwa wa kijani ndiye aliyepiga, wa pili alikuwa yule mwekundu, tapeli mwenye haraka na maombi, ndani ya simu ya Matroni yenyewe, na akahitimisha kwamba simu imeibwa na mwenyewe yuko hatarini. Alikata. Alizima laini. Alifunga akaunti ya benki iliyounganishwa nayo, akafunga kadi, akatuma taarifa kituo cha polisi. Yote yalikwisha kabla Dada Pole hajaishusha simu sikioni.

"Ameenda?" aliuliza Matroni.

"Ameenda. Na pesa yako ya uzeeni pia imefungwa."

"Na nani?"

"Na Mlinzi. Anakulinda."

Matroni aliirudisha kadi kwenye pochi. "Huyu niliyeumwa kichwa kumkwepa hakupata kitu," alisema. "Huyu anayenilinda amechukua vyote kwa mara moja."

Polisi alikuja jioni kwa baiskeli ya jirani. Aliwauliza kama kuna mtu aliyetekwa, wakasema hapana, akanywa chai, akaondoka.

Tawi la kampuni katika mji ule lilikuwa chumba kimoja kati ya duka la viatu na saluni. Karani alikuwa mwanamume mpole mwenye tai iliyolegea. Alimsimamisha Matroni mbele ya kamera, akabofya, akangoja, akabofya tena.

"Mashine inasema siyo wewe, mama."

"Inasema mimi ni nani?"

"Haisemi." Alisogeza uso karibu na kioo. "Ni jicho. Picha iliyopo kwenye kumbukumbu ina jicho lenye ukungu. Lako ni safi."

"Kwa hiyo nilirudishe?"

Karani alifuata utaratibu. Alilipigia simu dawati la malalamiko la makao makuu na kufungulia sauti. Aliyepokea alikuwa msichana wa meza ya tatu, mwenye bidii, ambaye Dada Pole alimfundisha kazi mwenyewe. Alisikiliza shida yote, kisha akasoma.

"Pole sana kwa usumbufu. Mlinzi hakati simu bila sababu. Tafadhali mshauri ndugu yako afike ofisini kwetu na kitambulisho."

"Nipo ofisini kwenu," alisema Matroni. "Kitambulisho kiko mkononi."

"Pole sana kwa usumbufu," alianza tena msichana.

Dada Pole alisimama kando akisikiliza. Ni maneno aliyoyapenda, na yalikuwa hayana mlango popote. Alimnyang'anya karani simu kwa upole. "Ni mimi," alisema. "Usisome. Niunganishe na Mhandisi."

"Dada," alinong'ona msichana, "kwenye kioo changu pameandikwa wewe ni tapeli."

"Najua palivyoandikwa. Nani alikuombea hicho kiti chenye mgongo ulichokalia?"

Msichana alimuunganisha.

Mhandisi alifanya yaliyobaki kutoka kwenye baridi yake. Alimtaka karani achukue alama za vidole za Matroni, zote kumi, kwa wino, na saini ya shahidi, na fundi baiskeli akaitwa akaja kuwa shahidi akiwa na rangi ya mlango bado kwenye kiwiko. Alifungua akaunti kwa mkono. Kisha akamwambia Matroni asimame mbele ya kamera, na bintiye asimame karibu naye.

"Sasa mama, mtazame, na umwambie Mlinzi huyo ni nani. Taratibu. Anajifunza."

Matroni aligeuka. Alimtazama bintiye kwa lile jicho jipya, paji la uso, mvi, mistari miwili kando ya mdomo ambayo hakuwa ameiona ikichorwa. Alichukua muda mrefu kuliko karani alivyotegemea. Dada Pole, aliyekuwa na umri wa kuwa na watoto wakubwa, alijikuta ameweka mikono nyuma kama anayesubiri kuruhusiwa kuketi.

"Huyu ni wangu," alisema Matroni. "Haamkii vizuri, lakini ni wangu."

Taa ya kijani iliwaka.

Waliokuwa nyuma ya ile mashine hawakukamatwa. Mhandisi alizifuata simu zao kutoka mtambo hadi mtambo mpaka zikaishia mahali pasipo na mtu wa kuulizwa. Katika taarifa ya mwezi Meneja aliandika kwamba Mlinzi amezuia jaribio kubwa la ulaghai dhidi ya mteja mzee, na hakuna aliyempinga, kwa kuwa lilikuwa limezuiwa kweli. Dada Pole aliandika upya maneno ya dawati. Aliongeza swali moja, la kumuuliza mteja jinsi anavyomjua nduguye. Meneja alisema linarefusha simu, akalitoa. Wasaidizi wanaliuliza hivyohivyo, kwa kukariri.

Siku hizi anapiga asubuhi, akiwa ameshavaa na hajatoka. Mhandisi alimwonya kwamba akikaa kimya mchoro wake utarudi kuwa mwekundu. Siku za mwanzo hakujua la kusema. Aliuliza habari za magoti, akajibiwa, kisha wakakaa wote wawili wakisikilizana pumzi, na Matroni akamwambia bila kumlaumu kwamba yule mwenzake alikuwa anajua kuuliza.

"Walishikwa?" Matroni alimuuliza asubuhi moja.

"Hapana, mama."

"Basi sasa hivi anampigia mwingine."

"Huenda."

Matroni alilifikiria hilo. Kwa mbali ilisikika kengele ya baiskeli na mtu akimwita mtu. "Natumaini anajibiwa vizuri," alisema.

Dada Pole alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa ameomba kazini kuingia akichelewa, alikuwa na chai mkononi, na alikuwa na swali, la kweli, kuhusu mwaka ambao baba yao aliondoka, ambalo hakuwahi kupata nafasi ya kuliuliza.

"Mama," alianza, "nilikuwa nataka kukuuliza—"

"Kesho," alisema Matroni. "Fundi baiskeli amenikaribisha nikaone mlango wake. Wanasema ni wa bluu." Akakata simu.